Chombo cha kukaa, rova au helikopta: kikundi chenu kijenge kipi?

Maonyesho ya sayansi yakikaribia napata ujumbe ule ule kwenye simu, mjomba tunataka kutengeneza roboti ya Mirihi, tuanzie wapi. Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Ngamiani, Tanga mjini, Jumamosi mchana meza yangu inakuwa ya vijana wa kidato cha pili na cha tatu, na kinachowakwamisha sio waya wala betri, ni kuchagua. Wengine wanataka chombo kinachotua na kukaa pale pale, wengine wanataka gari linalotembea lenyewe, yani rova, na siku hizi kila kikundi kina mmoja ambaye kaona video ya kile kihelikopta kidogo na hataki kusikia kingine. Mwezi uliopita wamebishana mpaka adhana ya magharibi ikawakuta hapo barazani hata waya mmoja hawajakata, kwahiyo nimeona niyaandike yote sehemu moja, na vikundi vingine vya Muheza, Pangani na kwingineko visome.

Niseme mapema msimamo wangu. Aina zote tatu zimeshafanya kazi kweli kweli kwenye Mirihi (Mars kama wengi tunavyoita) na hakuna hata moja iliyozifanya zingine zisihitajike. Ukimuuliza kijana kwanini rova atakwambia mana inatembea. Sawa, inatembea kwenda kufanya nini? Anzeni na swali mnalotaka kuiuliza ardhi, afu mtaona mashine inajichagua karibu yenyewe.

Nimepima kwa vitu gani

Vitano, na vyote vitano nimezipima nazo zote tatu. Inahisi nini, yani ikishafika inaweza kujua nini kuhusu ile ardhi. Inafika wapi. Inaishi kwa umeme gani. Inaharibikaje, mana kila mashine ina ugonjwa wake. Na mwisho kuijenga hapa hapa kwetu kwa vitu tulivyonavyo. Hicho cha kwanza ndio kizito, nimekaa nacho sana, vingine nimepita haraka.

Kuna jambo moja linazigusa zote. Ujumbe wa redio kutoka huku mpaka Mirihi unachukua kama dakika 3 sayari zikiwa zimekaribiana na mpaka dakika 22 zikiwa mbali, na hiyo ni kwenda tu bado kurudi. Hakuna mtu amekaa na rimoti. Wanaipa kazi za siku nzima, inazifanya yenyewe, inatuma majibu. Kwahiyo sensa ndio macho yake na ngozi yake na masikio yake, na mkijenga yenu mkaiongoza kwa rimoti mwanzo mwisho bado hamjajenga kitu cha kuchunguza sayari, mmejenga gari la kuchezea.

Inahisi nini

Chombo cha kukaa watu wanakidharau, wanasema kimesimama tu kama kibanda. Nguvu yake ni huo huo utulivu. Kuna vitu huwezi kuvisikia mpaka unyamaze, na mtetemo wa ardhi ni kimojawapo. Viking 2 ilitua Mirihi mwaka 1976 ikiwa na kipima mtetemo ila kilifungwa juu ya chombo chenyewe, upepo ukivuma chombo kinatikisika na kipima kinaandika upepo badala ya ardhi. InSight, chombo kingine cha kukaa, ilipotua Novemba 26, 2018 walikuwa wameshajifunza, mkono wa roboti ukakibeba kipima ukakishusha mpaka chini kwenye udongo, na Februari 2019 ukakifunika na kifuniko cha kuzuia upepo na joto na baridi, kimekaa kama kawa lililofunikwa juu ya chakula. Katika miaka minne kikasikia mitetemo zaidi ya 1,300, mkubwa kabisa ule wa Mei 4, 2022 wenye ukubwa wa 4.7, na kwa namna mawimbi yale yalivyosafiri ndani ya sayari wakaweza kukadiria unene wa ganda lake na ukubwa wa kiini. Desemba 24, 2021 kilihisi kimondo kikigonga, na picha za kutoka juu zikaja kuonyesha shimo la upana wa mita 150 hivi limetupa vipande vya barafu pembeni. Yani kitu kimekaa sehemu moja hakijasogea hata hatua, kikahisi pigo la mbali.

Hili nimeliona kwa macho yangu mezani kwangu. Tulichukua kile kisahani cha shaba cha kutoa mlio, kinakaa ndani ya saa za mezani na vitoi vya watoto, tukabandika boliti juu yake iwe uzito, tukaunganisha kwenye bodi ya Arduino (kikompyuta kidogo cha kusoma sensa) na laptop ikawa inachora mstari. Kwenye meza mstari ulikuwa vurugu tupu, feni, mtu akiegemea, mtu akicheka, vyote vinaingia. Tukachimba shimo la kina cha kiganja nje ya duka, tukakilaza humo, mstari ukatulia kidogo ila upepo wa baharini mnaujua wenyewe unavyokuwa saa kumi. Binti mmoja akaenda ndani akaja na sufuria akafunika. Mstari ukalala kama uzi. Tukamsimamisha kijana mmoja barabarani anyanyue mkono kila lori linapopita kuelekea bandarini, sisi hatuangalii barabara tunaangalia laptop, na kila alipoinua mkono mstari ulikuwa umeshaanza kuvimba. Sikuwaeleza habari za Viking na InSight mpaka walipomaliza. Nilipowaeleza walinyamaza kwanza, afu yule binti akasema kumbe na wao walifunika sufuria.

Na sio mtetemo peke yake. Phoenix ilitua karibu na ncha ya kaskazini ya Mirihi Mei 2008, haikutembea, ikachimba mtaro mdogo kwa mkono wake, ndani wakaona mabonge meupe. Wakapiga picha. Siku nne baadaye wakapiga tena pale pale, mabonge hayapo. Chumvi haipotei hivyo, ilikuwa barafu na ilikauka kwenda hewani bila hata kuwa maji. Jibu lile lilipatikana kwa sababu kamera ilikuwa haijahama.

Rova inauliza swali lingine kabisa, jiwe hili na lile vinatofautianaje na kwanini. Curiosity ambayo imetua Agosti 2012 ina leza inayoweza kupiga jiwe lililo umbali wa mpaka mita 7, pale panapopigwa panawaka nukta ndogo ya moto na chombo kinasoma rangi za ule mwanga kujua jiwe lina madini gani, bila kuligusa. Likiwavutia zaidi inasogea inatoboa. Shimo lake la kwanza Februari 2013 lilitoa unga wa kijivu kwenye jiwe ambalo juu ni jekundu, kwahiyo wekundu wote ule tunaousifia wa Mirihi pale ulikuwa ngozi tu. Rova nyingine, Perseverance, imeongezewa na maikrofoni, leza ikigonga jiwe inasikiliza ule mlio, na mlio unasema jiwe ni gumu au laini, vile vile mama zetu wanavyogonga nazi na kusikiliza kabla ya kununua.

Ila mfano wangu ninaoupenda kuliko yote ni rova Spirit. Gurudumu lake la mbele la kulia liliacha kuzunguka mwaka 2006, wakawa wanaiendesha kinyumenyume huku inaliburuta lile bovu, na mwaka 2007 lile gurudumu likakwangua udongo wa juu likafunua kitu cheupe. Kupima wakakuta ni silika karibu tupu (madini ya kutengenezea kioo), aina ya kitu kinachoachwa na maji ya moto au mvuke. Sisi wa Tanga tuna chemchem za maji ya moto kule Amboni, tunajua maji ya moto yakitoka ardhini yanaacha alama zake. Chombo cha kukaa kisingeweza kukutana na udongo ule labda kitue juu yake kwa bahati.

Helikopta kwenye kuhisi bado ni changa na lazima tuwe wakweli. Ingenuity ilikuwa na kilo 1.8, ilibeba kamera mbili, moja ya rangi na moja ya nyeusi na nyeupe inayotazama chini, na haikubeba kifaa chochote cha kupima udongo wala hewa mana ilipelekwa kuthibitisha kwamba kuruka kunawezekana. Inachotoa ni kuona kutoka urefu ambao satelaiti haishuki na rova haifiki. Aliyewahi kupanda mnazi anaelewa, shamba ni lile lile ila ukiwa juu unaona njia. Inayokuja ni kubwa zaidi, Dragonfly, ina propela nane na itabeba vifaa vya kutoboa na kupima kemia kwenda Titan ambao ni mwezi wa Zohali, mpango ni kuondoka 2028 na kufika 2034. Kwahiyo udhaifu huu wa helikopta mi nauhesabu ni wa umri tu.

Inafika wapi

Chombo cha kukaa kinafika pale mkono wake unapofika. Wa Phoenix ulikuwa na mita 2.35, basi, dunia yako nzima ndio hiyo. Lakini msisahau kwenye Zuhura ni aina hii pekee iliyowahi kufanya kazi ardhini. Venera 13 ya Wasovieti mwaka 1982 ilikuta joto la nyuzi 457 na mgandamizo wa hewa kama mara 89 ya wa kwetu, ilitegemewa kuishi dakika 32 ikaishi 127, ikatuma picha za rangi. Sehemu ya namna hiyo huna muda wa kutembea, unapima ulichokikuta unatuma kabla hujaiva.

Rova ya kwanza Mirihi, Sojourner ya 1997, ilitembea kama mita 100 tu. Opportunity ikaja kutembea kilomita 45, karibu kama kutoka hapa mjini kwenda Pangani, ila imechukua miaka 14. Perseverance kwenye tambarare haizidi mita 152 kwa saa, kobe hana cha kuiogopa. Polepole yake ina maana, kila hatua inatazama, inapima mteremko, inaamua.

Helikopta ndio yenye miguu mirefu. Ingenuity iliruka mara 72 kati ya Aprili 19, 2021 na Januari 18, 2024, jumla kilomita 17 hivi, na kuna siku iliruka mita 704 kwa mruko mmoja, umbali ambao rova ingehangaika nao kwa saa nyingi. Inavuka mchanga, inavuka mawe, haijali.

Umeme

Hapa fupi. Kinachokaa mara nyingi kinategemea sola, na sola adui yake vumbi. InSight ilianza ikizalisha kama saa-wati 5,000 kwa siku moja ya Mirihi, mwaka 2022 ikawa imebaki na 500 hivi. Sisi tunapanda juu ya bati na kitambaa tunafuta, kule hakuna wa kupanda. Walichofanya mwaka 2021 kilinifurahisha sana, mkono ulichota mchanga ukaumwaga taratibu karibu na paneli siku ya upepo, chembe kubwa zikawa zinarukaruka juu ya paneli na kuliondoa lile vumbi jepesi, ikapata nafuu ya muda.

Rova kubwa kama Curiosity hazitumii sola kabisa, zina chanzo cha nyuklia kinachotumia joto la plutoniamu na mwanzoni kilitoa wati 110 tu, pungufu ya hata pasi ya kunyooshea nguo kwa mbali sana. Helikopta ndio inayokula, hewa ya Mirihi ni kama asilimia 1 tu ya hewa yetu kwahiyo propela za upana wa mita 1.2 zilizunguka mara 2,400 hivi kwa dakika ili tu inyanyuke, betri inaisha haraka afu inakaa siku nzima au zaidi inachaji kwa kijisola kidogo kichwani, na usiku baridi inashuka mpaka nyuzi 90 chini ya sifuri, lazima ijipashe joto isipasuke vifaa.

Inaharibikaje

Kinachokaa kikikuta udongo tofauti na kilivyotarajia hakiwezi kuhama. InSight ilikuwa na kitu kama msumari unaojigonga wenyewe, kilitakiwa kishuke mpaka mita 5 kupima joto la ndani. Udongo wa pale haukukishika pembeni, kinajigonga kinarudi juu, kinajigonga kinarudi, karibu miaka miwili wanahangaika nacho mpaka wakakubali. Ingekuwa rova wangesogea hatua kumi wakajaribu pengine. Phoenix nayo udongo wake ulishikamana kama unga wenye unyevu ukagoma kupita kwenye chekecheke la tanuri lake la kupimia udongo, ikabidi walitikise kwa siku kadhaa.

Rova inakufa kwa miguu. Magurudumu ya Curiosity ni ya alumini nyembamba, chini ya milimita moja, mawe makali yakaanza kuyatoboa mwaka wa pili tu. Na Spirit yule yule wa gurudumu bovu alizama kwenye mchanga laini mwaka 2009 hakutoka tena. Ya kwetu tuliipeleka ufukweni Raskazone maji yakiwa yamekupwa. Kwenye mchanga mbichi uliokandamizwa na maji ilienda vizuri vijana wanapiga makofi, ikapanda kwenye mchanga mkavu juu ya mstari wa bahari, hatua tatu, magurudumu yakawa yanazunguka yanajizika. Kijana anayeshika programu akaongeza nguvu ya mota, ikazama mpaka tumboni. Tukairudisha nyumbani tukavua yale matairi ya plastiki tukatengeneza ya kopo la maziwa tukayagongea vibati pembeni kama kucha, ndio ikapanda. Nguvu ya mota haikuongezwa hata kidogo.

Helikopta inakufa kwa kupotea. Ingenuity ilikuwa inatazama chini inashika alama, jiwe hili, jiwe lile, inajua imesogea kiasi gani. Mruko wa mwisho ilikuwa juu ya mawimbi ya mchanga yaliyofanana yote, kamera ikakosa cha kushika, ikashuka huku inateleza kwa pembeni, propela zikavunjika. Kijana mmoja alikuja na kidroni chake chenye kamera ya chini, juu ya majani ya uwanjani kinatulia tuli, juu ya maji ya bahari kikaanza kuelea kuelekea kisiwa cha Toten wala hakijui kama kinaenda. Tukakishusha haraka.

Kuijenga hapa Tanga

Cha kukaa ndio rahisi kwa vifaa na kigumu kwa subira. Fremu tulifanya kwa vipande vya mlingoti wa mkonge mana ni mwepesi na haugharimu, sensa ya joto, ya mwanga, ya unyevu wa udongo, kile kisahani cha mtetemo, basi. Kazi iko kwenye kukusanya data usiku na mchana kwa wiki kadhaa na kuzisoma, na vijana wengi huchoka hapo.

Rova inataka mikono mingi, mota za gia, betri za laptop mbovu zilizopimwa vizuri (mtu mzima awepo, zile zikishika moto sio mchezo), programu ya kukwepa vikwazo, na uvumilivu wa kufungua na kufunga. Kila mtu kwenye kikundi anapata kazi, hilo ni jambo kubwa.

Helikopta sishauri kuijenga kutoka sifuri kwa wanafunzi, propela zinakata vidole. Nunueni au azimeni kidroni kidogo, ninyi mjenge upande wa kuhisi na kuchora ramani. Na kurusha droni nchini kuna taratibu za vibali, mwalimu aulize mamlaka ya usafiri wa anga kwanza.

Sasa kwa hali yenu

Kama swali lenu lina neno "inabadilikaje", yani kitu kimoja kwa muda mrefu, unyevu wa shamba, mtetemo wa barabara, joto la usiku na mchana ndani ya mapango ya Amboni kama mkiruhusiwa kuweka kifaa, chukueni cha kukaa. Kinafaa pia kikundi kidogo chenye pesa ndogo na mtu mmoja anayependa kuandika daftari kila siku.

Kama swali ni "hapa na pale vinatofautianaje", mchanga wa pwani na udongo mwekundu wa bara, jiwe la matumbawe na jiwe la kawaida, chukueni rova. Inafaa kikundi cha watu watano na kuendelea wenye miezi mitatu mbele yao. Mkiwa na wiki tatu tu msijaribu, mtamaliza muda wote kwenye magurudumu na sensa hamtaifunga.

Kama eneo lenyewe halifikiki kwa mguu, mikoko, ukingo wa mto uliobomoka, au mnataka ramani kabla ya kuamua muweke wapi kifaa, helikopta, mradi mmoja wenu anajua programu za picha na mna mtu mzima wa kusimamia.

Na kwa wale wanaobishana kama wale wa kwangu, kumbukeni Ingenuity haikuwahi kuongea na Dunia yenyewe, kila picha yake ilipitia kwa Perseverance, na Sojourner nayo ilipitia kwa chombo cha kukaa kilichoileta. Vikundi viwili vinaweza kugawana. Wa kwangu wameamua hivyo Jumamosi iliyopita, wanne wanaweka kituo chenye kipima mtetemo na sufuria yake, watatu wanatengeneza rova ndogo ya makopo ya maziwa inayotuma vipimo vyake kwa kile kituo, na yule wa helikopta kapewa kazi ya kuchora ramani ya uwanja kabla wenzake hawajachimba shimo.